Swali Moja kwa Ndululu

Kilungu,
14 Juni 1986

Kwa mwanangu Mwangangi,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limekataa kupanda mlima. Wewe je, u mzima? Unakula? Unalala? Nijibu hayo matatu kwanza, ndipo ujibu mengine.

Hii ni barua ya pili. Ya kwanza niliandika kwa Kikamba, nikarudishiwa ikiwa imefunguliwa, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba barua za wafungwa ziandikwe Kiswahili au Kiingereza ili zisomwe. Basi leo naongea na mtoto wangu kwa Kiswahili cha kambi ya barabara, kile nilichojifunza nikivunja kokoto za barabara ya Mombasa. Mimi na wewe hatujawahi kukitumia hata kuombana chumvi. Afande unayesoma, nakusalimu na wewe, maana si adabu mtu aketi katikati ya mazungumzo asisalimiwe.

Kaluki alifika kutoka Mutomo na mtoto, na godoro, na vitabu vyako. Waliambiwa waiache nyumba ya shule siku hiyo hiyo. Usiwe na wasiwasi juu yao. Mke wako anafanya kazi kuliko mimi, na huyu Nzomo mdogo ameanza kunijibu vibaya, kwa hiyo jina langu limepata mwenyewe. Machungwa yameiva. Bilha, yule mama mwenye duka pale Malili, ananunua kama kawaida, na ananipunja kama kawaida.

Sasa nisikilize. Redio ilisema mwalimu Mwangangi amekubali shtaka la kuwa na karatasi za uchochezi nyumbani kwake, akafungwa miaka mitano. Nikasema akina Mwangangi ni wengi. Ndipo wakataja shule ya Mutomo. Wewe uliyebishana nami miaka yote hata juu ya siku ya kupanda kunde, ulikubalije jambo la miaka mitano kabla chai ya hakimu haijapoa? Hata wakili hukuwa naye. Nimemwendea mmoja Machakos, akaniambia mtu akishasema "ni kweli" kortini, mlango wa rufani umefungwa. Kilichobaki ni kuomba miaka ipunguzwe. Maji yamemwagika, ndivyo alivyosema, na akanionyesha mlango wake.

Je, ni kweli? Kama ni kweli, niambie nitubu pamoja nawe. Kama si kweli, kwa nini ulisema ni kweli? Sitaki jibu la mwalimu. Nataka jibu la mtoto kwa babake.

Ndululu alikuja kutupa pole. Alikula muthokoi, akasifu chakula, akasema tumwachie Mungu. Ni kijana wa ukoo wetu kweli, na namshukuru, maana watu wengine wa hapa siku hizi wakiniona wanakumbuka wameacha kitu jikoni.

Ni mimi baba yako,
Nzomo


Gerezani,
20 Julai 1986

Mpendwa baba,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na goti limepoa. Msalimie mama Nzomo wangu na huyo mzee mdogo.

Kwa yale matatu: nakula, nalala, na ni mzima kadiri mtu wa hapa anavyoweza. Tunapewa karatasi moja kwa mwezi, kwa hiyo nikinyamaza usidhani nimenuna.

Baba, usiniulize tena kwa barua kwa nini nilisema nilichosema. Sikudharau, unajua sikudharau. Lakini hilo haliandikiki. Njoo. Wanaruhusu mtu mmoja, muda mfupi, na askari anaketi kando. Vaa lile koti la mvua, huku kuna baridi. Ukija utajibiwa bila mimi kusema neno.

Kwamba mlimlisha Ndululu nimesikia. Mwambie Kaluki, lakini taratibu, asimpikie tena.

Mwanao,
Mwangangi


Kilungu,
9 Septemba 1986

Mwanangu,

Nakusalimu tena na tena. Nilifika nyumbani salama, na wote hapa ni wazima.

Nimeona miguu yako. Nilikuwa nimekuja na lile swali mdomoni, nimelibeba tangu Juni kama mtu anayebeba kaa la moto, ndipo mlango ukafunguliwa ukaja ukikanyaga kwa visigino, umeshika ukuta. Mtoto aliyekuwa akipanda na kushuka vilima vya Kilungu na gunia kichwani! Sitakuuliza tena kwa nini ulisema ni kweli. Mimi mwenyewe ningesema ni kweli, na ningetaja na babu yangu.

Na yale uliyonirushia kwa Kikamba kabla askari hajagonga meza, niliyasikia yote. Kwamba ile Ijumaa Ndululu alilala kwako Mutomo, akaacha furushi nyuma ya pipa la maji akisema ni vitabu vya kuuza. Kwamba asubuhi polisi walipofika hawakugusa kitanda, hawakufungua sanduku, walikwenda moja kwa moja kwenye pipa. Naandika haya wazi. Afande, kama unataka kufuta, futa, lakini kwanza umeshasoma.

Unajua Ndululu yuko wapi sasa? Tangu mwezi jana ndiye naibu wa chifu wetu. Amepewa kofia. Alipita hapa nayo, akasimama barabarani akiuliza kama ndama wangu wamechanjwa. Kaluki alikuwa anachambua maharagwe. Aliyamwaga yote chini, akaingia ndani.

Nimefikiri sana, na nimeamua. Korti ya serikali haikukusikiliza. Wahenga walisema Mgala muue na haki umpe, lakini wewe hata swali hukuulizwa, uliulizwa jina tu. Basi ipo korti ya zamani. Mzee Musyoka wa kule juu bado ana kithitu cha kuapia alichoachiwa na babake. Najua nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi, na nimesimama mimi mwenyewe madhabahuni nikakemea kithitu kwamba ni kiapo cha giza. Lakini niambie, mwanangu, kwenye mwanga tumepata nini? Nitamwita Ndululu mbele ya ukoo, aape pale kwamba furushi halikuwa lake. Kila mtu wa kwetu anajua anayeapa uongo mbele ya kithitu, kifo kinaingia nyumbani kwake. Hata wale wa kanisa wanajua, ila hawasemi. Ataogopa kuapa. Na akikataa, watu watakuwa wamejua, na jina lako litakuwa limerudi nyumbani hata kama mwili wako bado uko huko.

Kikao ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, hapa kwetu. Niombee.

Baba yako,
Nzomo


Gerezani,
12 Oktoba 1986

Baba,

Salamu. Sina nafasi ya salamu ndefu, unisamehe, na uwasalimie wote.

Barua yako ya Septemba nimepewa jana. Imekaa kwenye meza ya mtu mwezi mzima. Naandika nikijua Jumamosi uliyotaja imepita, na sijui naandikia mtu gani, aliyefanya au aliyeacha. Kama hukufanya, usifanye! Ndululu si Ndululu tena, ni serikali. Siku hizi watu wakikusanyika bila kibali cha wakubwa, hata kama wanachagua mbuzi wa harusi, ni kosa. Na wewe umeandika mpaka siku na mahali katika barua inayosomwa!

Mwenye nguvu mpishe, baba. Mimi jina langu linaweza kungoja. Wewe huwezi kulala kwenye sakafu hizi. Nijibu upesi, hata neno moja.

Mwanao,
Mwangangi


Kilungu,
23 Novemba 1986

Kwa mwanangu mpendwa,

Salamu kwa jina la Bwana, ingawa wapo wanaosema sina haki tena ya kulitaja. Mimi ni mzima. Kaluki ni mzima. Mvua imeanza vizuri, na tumepanda.

Umeniambia nisifanye. Nimekwisha kufanya. Keti nikusimulie, maana ndani yake kuna cha kucheka.

Wazee walikuja, tukaketi uani. Wanawake na watoto walipelekwa mbali, kama ilivyo desturi, kitu kile hakikaribiwi ovyo. Musyoka akakitoa mfukoni, akakiweka juu ya mawe, akakaa kando akinusa tumbako. Tukamngoja Ndululu. Alikuja kweli, lakini alikuja ndani ya Landrover, na nyuma yake polisi. Mkubwa wao akatangaza kwamba mkutano ni haramu, hauna kibali, na akaamuru kile kitu kichukuliwe kiwe ushahidi. Hapo sasa ndipo palipokuwa na kazi! Askari wa kwanza akatazama wa pili. Wa pili akakumbuka kwamba anaumwa mgongo. Mkubwa mwenyewe, mtu wa mbali, akainama akichukue, na yule dereva, kijana wa Mwala, akamwambia, "Afande, kama unapenda watoto wako, wachana na hiyo maneno." Akanyooka. Tulipakiwa sisi, kithitu kikabaki pale juu ya mawe mpaka Musyoka alipotoka akakijia.

Tulipofikishwa kortini, wenzangu wote walisema ni kweli. Wakapigwa faini, wakaenda nyumbani kabla ya ng'ombe. Nilipofikiwa nikasema, "Si kweli." Hakimu akainua kichwa, nafikiri alikuwa hajasikia neno hilo siku nyingi. Afisa wa mashtaka akanijia kwa upole, "Mzee, sema tu ni kweli, kesi ni ndogo." Nikamwambia ndogo ndiyo ninayoitaka.

Nilikaa ndani siku chache. Sikuguswa, bado kuna haya kidogo kwa mvi. Na unajua nani aliniwekea bondi? Si ndugu zako wa ukoo. Si kanisa. Ni Bilha wa duka. Aliweka cheti cha ploti yake ya Malili, mtu wa Nyeri, ambaye nimemwita mwizi miaka yote. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwao baba yake alichukuliwa wakati wa Mzungu, na hakuna aliyeenda kumuulizia.

Sasa sikia sababu yangu. Shahidi wao mkuu ni Ndululu. Nikisema si kweli, lazima aje, apande kizimbani, ashike Biblia. Na mimi mshtakiwa nina haki ya kumuuliza maswali. Hakimu mwenyewe alinisomea hivyo. Wakitaka kuthibitisha kikao, lazima waseme kiliitwa kwa sababu gani. Hapo nitamuuliza, furushi lile lilikuwa la nani? Jibu lake, au kunyamaza kwake, litaandikwa na hakimu kwa mkono wake. Wewe walikunyima kesi. Mimi wamenipa. Waliponikamata walidhani wananifunga mdomo, kumbe wamenipa mahali pa kuusemea.

Mchungaji Jonah amenitoa kwenye uzee wa kanisa, na meza ya Bwana siruhusiwi mpaka nitubu mbele ya watu. Nimemwambia nitatubu kithitu, nitafanya hivyo kwa moyo wote, siku Ndululu atakapotubu lake. Hakufurahi.

Baba yako,
Nzomo


Gerezani,
14 Desemba 1986

Baba,

Nakusalimu, na wote nyumbani. Krismasi njema iwakute salama.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara nimekasirika upya. Nitasema kama ninavyosikia, kisha uniwie radhi. Unadhani korti ni baraza la ukoo, kwamba watu wataketi, wasikilize mpaka mwisho, na mwenye haki aonekane. Mimi nimesimama mle, baba. Kumpelekea nyani kesi ya ngedere ndiko huko. Wewe unaenda kuuliza swali moja, na wao wana miezi, wana mafaili, wana sakafu za saruji. Nenda uiambie korti ni kweli. Lipa faini. Rudi kwenye machungwa yako. Kikao kilikuwapo, kibali hakikuwapo, kwa hiyo hata uongo hutakuwa umesema!

Unafanya haya kwa ajili yangu, lakini mimi ndiye ninayelala nikikuona wewe ndani. Kama nilisema ni kweli, nilisema pia kwa sababu walitaja jina lako na la Kaluki, wakasema wanajua njia ya Kilungu. Nilinunua usalama wako kwa miaka mitano. Sasa wewe mwenyewe unapeleka kichwa. Inaniuma kuliko miguu.

Nakuomba kama mtoto. Sema ni kweli.

Mwanao,
Mwangangi


Kilungu,
22 Februari 1987

Mwanangu,

Salamu. Kifua kimenishika kidogo, lakini kinaachilia. Mahindi ni mazuri, na Nzomo mdogo amejifunza kupanda mchungwa, kushuka bado.

Barua yako ilinichoma. Nilimpa Kaluki aisome, akasoma, akaikunja, akasema, "Baba, ana haki ya kukasirika, na wewe una haki ya kukataa." Basi nakataa. Unasema mwenye nguvu mpishe. Nimewapisha, mwanangu. Nilimpisha Mzungu, nikampisha mnyapara, nikampisha kila mwenye kofia, na nimepisha mpaka nimefika ukingoni mwa barabara. Nikirudi nyuma hatua nyingine nitaanguka mtaroni.

Na hilo la kununua usalama wangu, hukuniuliza kama nauza.

Lakini nikubali umesema kweli juu ya jambo moja. Sikujua kesi inavyoweza kuchosha. Mara ya kwanza faili haikuonekana. Mara ya pili faili ilionekana, hakimu akawa hayupo. Mara ya tatu hakimu alikuwapo, faili ilikuwapo, shahidi Ndululu akawa na semina. Safari nyingine tena nikaambiwa gari la polisi halina petroli, nami nimetembea kutoka mlimani kwa goti hili, nimefika kabla yao! Nikamwambia hakimu nitamfuata Ndululu mwenyewe nimlete kwa mkono. Watu wakacheka. Hakimu naye akacheka kidogo, kisha akaahirisha. Kila mara naambiwa kwa sauti tamu, "Mzee, unajitesa bure, sema tu ni kweli." Hata askari wa mlangoni ananiambia. Hata mama wa chai anayeuza nje ya korti ananiambia, na yeye ndiye pekee anayefaidi kesi hii, maana nakunywa kwake kila safari.

Yapo mambo yanayonikasirisha kuliko Ndululu. Yeye amenitenda mara moja, wakati hawa wa korti wananitabasamia kila mwezi.

Swali langu nimelitengeneza. Nalisema nikikamua, nalisema nikichimba mashimo ya miche. Kaluki anakuwa Ndululu, mimi nakuwa mimi. Ananijibu kila aina ya uongo ili nizoee. Juzi alinishinda, ikabidi niombe kesi iahirishwe.

Kesi itasikizwa mwezi wa nne. Wameapa ni ya mwisho.

Baba yako,
Nzomo


Gerezani,
15 Machi 1987

Mpendwa baba,

Salamu nyingi, na pole kwa kifua. Kunywa maji ya moto, na usitoke na umande.

Niliwasomea wenzangu hapa barua yako, ile sehemu ya Kaluki kuwa Ndululu. Wengi wao walisema ni kweli kama mimi, katika korti kama ile, jioni kama ile niliyohukumiwa mimi. Walicheka, halafu mmoja aliyekuwa dereva wa lori akageukia ukuta. Sasa kila Jumapili wananiuliza, "Mzee ameuliza?" Nawaambia bado. Wananiambia nikuandikie usikate tamaa.

Sitakuomba tena useme ni kweli. Najua swali lako halitanitoa humu hata siku moja kabla ya wakati. Lakini nimegundua nataka kulisikia likiulizwa. Nilidhani hamu hiyo ilishanitoka.

Uliza, baba. Uliza kwa sauti.

Mwanao,
Mwangangi


Kilungu,
26 Aprili 1987

Mwanangu Mwangangi,

Nakusalimu, na uwasalimie wenzako wote, hasa yule dereva wa lori. Sisi ni wazima. Najua mnachongoja, kwa hiyo sitazunguka.

Siku ilifika. Nilivaa koti. Kaluki alikuja, Bilha alikuja, na hata watu wengine wa kanisa walikuja, wakakaa nyuma ili Mchungaji Jonah akiuliza waseme walikuwa wanapita. Faili ilikuwapo. Hakimu alikuwapo. Na Ndululu alikuwapo, amevaa suti, kofia ameishika mapajani.

Akapanda kizimbani, akashika Biblia, akaapa kusema kweli. Akaeleza jinsi alivyokuta mkutano haramu nyumbani kwangu, akahesabu wazee, akataja mawe, akakitaja kile kitu kwa mbali. Afisa wa mashtaka akaketi. Hakimu akanigeukia, "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi huyu?"

Nikasema ninalo. Mwanangu, nilisema kwa sauti, kama ulivyotaka. Nilianza na lile la kufungua mlango, kama tulivyofanya mazoezi. Nikamuuliza, "Ndululu mwana wa ukoo wangu, wewe kwenye kikao hicho uliitwa. Uliitwa kujibu nini?"

Akamtazama afisa wa mashtaka. Kalamu ya hakimu ikangoja. Nikamwambia, "Jibu, kisha nina la pili." Ndipo afisa akasimama upesi, akaomba korti ipumzike kidogo. Tukatoka. Wakaingia wote chumba cha ndani.

Tuliporudi, afisa akasema serikali imeiondoa kesi. Hivyo tu. Hakimu akaweka kalamu chini, akaniambia, "Mzee, uko huru. Nenda nyumbani."

Nikasema sijauliza swali langu. Akasema hakuna kesi, kwa hiyo hakuna maswali. Nikasema, wao ndio wameiondoa, mimi sijaiondoa. Nilishika ule ubao wa kizimbani kwa mikono yote miwili. Askari akaja, kijana mpole, akaniondoa vidole kimoja kimoja akiniita baba. Nikatolewa nje kama mgonjwa anayetolewa hospitali.

Na huko nje, unajua? Walikuwa wanashangilia! Akina mama wanapiga vigelegele, wale wa kanisa wameanza wimbo, kila mtu ananipa mkono, "Mzee umeshinda, Mzee Mungu ni mkubwa." Nilitaka kuwapiga wote kwa fimbo. Bilha peke yake hakuimba. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na cheti chake cha ploti mapajani, analia kwa hasira.

Ndululu akaja akanipa mkono. Mbele za watu nikaukubali, nikauvuta, nikamuuliza pale pale kwa Kikamba, karibu na sikio, furushi lilikuwa la nani. Hakuruka. Akaniambia polepole, "Mzee, walinipa wao. Walisema ni yeye au ni mimi." Umesikia, mwanangu? Amesema! Nikamwambia turudi ndani ukayaseme hayo, hakimu bado yuko. Akanitazama kwa huruma, naapa ilikuwa huruma, akasema, "Kesi imeisha." Akavaa kofia yake akaenda kwenye gari.

Kwa hiyo neno lako limesemwa, lakini limesemwa kwenye ngazi, mahali ambapo hakuna anayeandika. Ndani ambako kuna kalamu, halikusemwa. Nimelala na kuamka nalo mpaka leo. Kama wangenifunga ningekuwa na rufani. Wameniachilia, na mtu aliyeachiliwa hana pa kwenda kulalamika. Unajua walivyo wajanja? Mimi sikujua. Nilidhani wana nguvu tu.

Basi nimeamua. Jumatatu ya pili ya mwezi ujao nitabeba kiti changu niende mbele ya ofisi ya Ndululu, saa ambayo watu wanakuja kwa vipande vya kitambulisho, na nitafanya mkutano bila kibali. Wazee wa ukoo wamekataa, wanasema faini ya kwanza bado inawauma. Sawa. Lakini mtu mmoja si mkutano, hata sheria inajua, kwa hiyo Kaluki amesema atakuja, na Bilha atafunga duka. Nimemwambia ni siku ya soko. Amesema anajua ni siku ya soko.

Afande unayesoma, safari hii usiikalie barua hii mezani. Ipeleke haraka kwa wanaohusika. Nimeandika siku na mahali.

Na wewe, mwanangu, waambie wenzako wasiniombee niwe salama, nimekuwa salama ya kutosha. Ombeni wanishike.

Baba yako,
Nzomo